Krenki ya Gervasi

Yoakimu Tluway alizaliwa Masieda, upande wa Mbulu, katika nyumba ambayo mlango wake ulitazama mteremko wa mahindi na maharage. Baba yake alikuwa mkulima kama wakulima wengine wa kule, mwenye ng'ombe wachache na kondoo, na hakuna aliyejua mtoto huyu aliyatoa wapi mapenzi ya chuma. Alipokuwa mdogo aligonga jembe la baba yake kwa jiwe, kisha akalaza sikio juu yake na kusikiliza mpaka mlio uishe kabisa. Mama yake alimkataza. Alimwambia kwamba kitu kinachoendelea kulia baada ya kuachwa si cha kuchezewa.

Hakumsikia. Padri wa parokia aliona mikono yake ilivyo, akamtafutia nafasi katika chuo cha ufundi huko Moshi, na alipohitimu hakurudi nyumbani. Alikwenda Hanang, kwenye uwanda, ambako serikali ilikuwa imefungua mashamba ya ngano makubwa kiasi kwamba mtu aliyesimama katikati yake haoni mwisho, anaona mlima wa Hanang upande mmoja na mbingu pande zote zilizobaki. Pale palikuwa na karakana ya bati, na ndani ya karakana mashine ya kukereza vyuma na mashine ya kuchonga silinda, zote zimetoka Kanada pamoja na matrekta. Yoakimu akakabidhiwa mashine hizo mbili. Akaoa Efrazia, binti wa kijiji cha Bashay, wakapewa chumba na jiko kwenye kota za wafanyakazi. Alikuwa mtu mtulivu, asiyekunywa sana, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja kila anapozungumza na mtu, kama anayesikiliza pia kitu kingine.

Rafiki yake wa karibu pale shambani alikuwa dereva aitwaye Gervasi. Gervasi alikuwa na mke, Kornelia, na nyumba yao ilikuwa Gehandu, kando ya barabara. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la kupeleka mbegu na dizeli kwa matrekta huko mashambani. Lori lile lilikuwa la petroli, lenye injini kubwa ya silinda nane, nne kila upande, na Gervasi aliliendesha huku akivuma puani wimbo usio na maneno. Sauti yake ilipanda injini ilipopanda, ikashuka ilipobadilishwa gia. Ukikaa kando yake muda mrefu hujui tena kinachovuma ni mtu au ni lori. Yoakimu alipenda kupanda naye kwa sababu hiyo tu.

Kisha yakaja masika ambayo Gervasi alipotea. Lori lilikutwa katikati ya ngano changa, mbali na njia yoyote, mlango wa dereva uko wazi na injini inanguruma taratibu. Buti zake za mpira zilisimama chini ya mlango, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia ndani kulala. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na hapakuwa na alama ya mguu. Watu walitafuta mpaka wakakata tamaa. Wengine walisema ametorokea Singida kwa mwanamke. Wengine walisema fisi. Wazee wa Kibarbaig waliokuwa wakipita na ng'ombe pembezoni mwa shamba hawakusema kitu. Walitazama lile eneo, ambapo palikuwa na vilima vya udongo vya makaburi ya mababu zao, wakaendelea na safari.

Aliyelizima lori siku ile alikuwa Yoakimu. Alipanda, akazungusha ufunguo, injini ikaendelea. Alijua kwamba injini ya petroli ikipata moto kupita kiasi huweza kufanya hivyo, kwamba joto la ndani huwasha mafuta hata umeme ukikatwa. Lakini alipoweka kiganja juu ya boneti, bati lilikuwa baridi, limelowa mvua. Alikaa kwenye kiti cha rafiki yake akisubiri, na injini ikazunguka kwa muda, ikavuma kidogo, ndipo ikanyamaza yenyewe. Hilo hakumwambia mtu isipokuwa Efrazia.

Baada ya hapo lori halikupata dereva. Kila aliyepewa alilirudisha. Walitoa sababu za kawaida, breki, usukani, mgongo unauma. Mmoja tu alisema kweli, kwamba akipita lile eneo gari linapunguza mwendo bila yeye kuinua mguu. Mwishowe likavutwa nyuma ya karakana, nyasi zikaota kati ya magurudumu, na shamba lilipouza vyuma chakavu, lori likanunuliwa na mfanyabiashara wa Katesh aliyeitwa Bashiri.

Bashiri alikuwa mtu wa makamo, wazazi wake walitoka Kondoa, na alikuwa na duka la vitambaa, chumvi na mafuta ya taa. Hakulitaka lori lenyewe. Alikuwa na gari, gari refu la Kimarekani lenye rangi ya maziwa, ambalo alilinunua kwa mkulima wa Kizungu aliyekuwa akifunga virago kuondoka Oldeani. Katesh nzima walilijua. Lakini vumbi la uwanda lilikuwa limelila ndani. Lilitoa moshi wa buluu na kupanda kilima cha Dongobesh lilikuwa haliwezi tena.

"Shikamoo, mzee," Yoakimu alimsalimia alipokuja karakana.

"Marahaba, fundi. Nimekuja na mgonjwa wangu."

Yoakimu alifungua injini, akapitisha kidole ndani ya silinda. Zilikuwa zimelika upande mmoja, tundu halikuwa duara tena. Alimweleza Bashiri kwamba silinda zikilika namna ile lazima zichongwe, na zikichongwa zinakuwa kubwa, kwa hiyo pistoni za zamani hazifai. Na pistoni mpya za gari lile hazikuwepo Arusha wala Dar es Salaam. Miaka ile hata boliti ya kawaida mtu aliitafuta kwa wiki nzima.

"Ndiyo maana nikanunua lile lori," Bashiri alisema. "Mkulima aliyeniuzia gari aliniambia kiwanda ni kimoja. Eti injini ni ndugu."

Ilikuwa kweli. Injini ya lori na ya gari zilitoka katika kalibu moja, ila ya lori ilikuwa kubwa zaidi. Yoakimu alitazama nje, kwenye nyasi, akaelewa anachoombwa. Ukubwa wa injini ni nafasi ambayo pistoni inaifagia ndani ya silinda inapopanda na kushuka. Unaweza kuiongeza kwa kupanua tundu, au kwa kuirefusha safari ya pistoni. Pistoni za lori zilizidi zile za gari kwa unene wa ukucha. Na krenki ya lori, ule mhimili mzito wenye mikono unaozungushwa na pistoni, ilikuwa na mikono mirefu zaidi, hivyo pistoni ingesafiri mbali zaidi. Akivichukua vyote, gari la Bashiri lingerudi na injini kubwa kuliko lilivyozaliwa nayo.

"Litapanda Dongobesh?" Bashiri aliuliza.

"Litapanda likiwa limejaa watu."

"Basi fanya."

Mkuu wa karakana alikuwa akiruhusu kazi za nje Jumamosi mchana. Jumamosi ya kwanza Yoakimu aliingia chini ya lori na kufungua kizibo cha mafuta ya injini. Lori lilikuwa halijawashwa tangu mwaka uliopita. Mafuta yaliposhuka yakamwagikia kwenye viganja, yalikuwa ya vuguvugu. Alijiambia ni jua. Alitoka chini, akagusa bati, kivuli cha karakana kilikuwa kimelifunika tangu asubuhi. Akapangusa mikono kwa tambara, akaendelea na kazi, kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya.

Krenki ilitoka bila kusumbua. Vyuma vilivyokaa vile kwa kawaida hushikana; hii aliinyanyua na ikaja, nzito kama ndama, inang'aa kama iliyopakwa mafuta jana. Aliisimamisha ukutani akaigonga kwa nyundo ndogo, kama mafundi wafanyavyo kujua kama chuma kina ufa. Kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Hii ililia. Ililia mlio mwembamba, mrefu, ambao haukushuka. Yoakimu aliinamisha kichwa akisubiri uishe. Alikwenda kunawa, akala viazi alivyofungiwa na Efrazia, akarudi. Alipokaribia ukuta akasikia bado upo, chini kabisa, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Aliweka kiganja juu ya chuma, ndipo ukakatika.

Kuchonga silinda hakukuwa na shida. Alifunga bloku ya gari, lile bonge la chuma lenye silinda, kwenye mashine, akapima unene wa kuta zake, kwa maana ukichonga sana ukuta unabaki mwembamba na injini inapasuka. Kisu kikashuka taratibu, kikizunguka, kikitoa unga wa chuma, silinda moja baada ya nyingine. Tatizo lilikuwa krenki. Pua yake ya mbele ilikuwa nene kwa ajili ya mitambo ya lori, haikuingia kwenye gari; lazima ikerezwe iwe nyembamba. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata aliifunga kwenye mashine ya kukereza na kuiwasha.

Mashine ile aliifahamu kama anavyofahamu kikohozi cha mkewe. Ilikuwa na sauti ya chuma kukata chuma. Lakini kisu kilipogusa pua ya krenki, sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayevuma puani. Ilipanda, ikashuka, ikakaa palepale kidogo, ikapanda tena. Yoakimu alizima. Karakana ikawa kimya, nje shomoro walikuwa wakigombana kwenye paa. Akawasha tena. Wimbo ukaendelea pale ulipokatikia.

Alikereza mpaka mwisho. Baadaye, Efrazia alipomuuliza kwa nini hakuacha, alimjibu kwamba aliogopa zaidi kumkatiza.

"Kumkatiza nani?" Efrazia aliuliza.

Yoakimu alitazama viganja vyake. Efrazia aliacha kuchambua maharage. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno ya pepo, lakini alikuwa amekula na Gervasi mezani kwake mara nyingi.

"Kornelia anajua unafanya nini?" alisema.

"Hajui."

"Ni chuma cha mume wake."

"Ni chuma cha shamba. Sasa ni cha mzee Bashiri."

Efrazia akarudi kwenye maharage.

Injini ilipokamilika, Bashiri alikuja na petroli, wakaiwasha mbele ya karakana adhuhuri. Haikuhitaji kubembelezwa. Sauti ya zamani ya gari lile, ambayo ilikuwa laini kama ya mashine ya kushonea, haikuwepo. Iliyokuja ilikuwa nzito, ilitoka chini, na vikombe vya chai juu ya benchi vikaanza kutembea. Mafundi waliokuwa wakipumzika walisimama. Wote walitazama upande ule ambako lori lilikuwa limekaa, sasa likiwa tupu, boneti imeinuliwa.

"Hiyo ndiyo injini," Bashiri alisema kwa furaha. "Panda, fundi. Tulijaribu."

Walielekea Gehandu. Gari lilivuta kama linateremka mahali lilipokuwa linapanda. Bashiri alicheka peke yake kwenye usukani. Yoakimu alikaa kando yake, kichwa kimeinama, na kati yao, kwenye kile kiti kirefu cha mbele, palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Hakuitazama nafasi hiyo. Alihisi tu kwamba kila gari lilipopita shimo, kiti kilibonyea pale katikati kabla ya kubonyea chini yake.

Walipofika Gehandu jua lilikuwa bado juu. Mbele ya nyumba ya Gervasi mwanamke alikuwa amesimama barabarani. Bashiri alipiga honi, mwanamke hakusogea, ikabidi asimamishe gari. Alikuwa Kornelia. Alivaa kitenge safi na kujifunga kitambaa kichwani, na nyuma yake, kwenye ua uliofagiliwa, palikuwa na kigoda, taulo na beseni la maji yanayotoa mvuke. Hakuwatazama wao. Alikuja mpaka mbele ya gari, akaweka mkono juu ya boneti.

"Umechelewa," alisema kwa upole.

Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Yoakimu alishuka haraka.

"Shemeji," alisema. "Shemeji Kornelia. Ni mimi, Yoakimu."

Kornelia akageuza uso, akamtazama kama aliyeamshwa. "Karibu, shemeji. Nimeshaweka maji."

"Maji ya nani?"

"Nilisikia anakuja." Aliondoa mkono kwenye boneti na kuutazama. "Nimemsikia tangu asubuhi, yuko njiani. Nikasema leo amechelewa, lakini anakuja."

Asubuhi ile injini ilikuwa haijawashwa hata mara moja, haina hata tone la petroli. Yoakimu akamwomba Bashiri azime gari. Bashiri alizungusha ufunguo. Injini ikaendelea kidogo, ikavuma, ndipo ikanyamaza. Bashiri aliuchomoa ufunguo na kuutazama kwenye kiganja chake, kicheko kimemwisha.

Waliketi uani. Yoakimu alimweleza Kornelia yote, jinsi lori lilivyouzwa, alivyotoa krenki na pistoni, alivyopanua silinda za gari zipate kuvipokea. Kornelia alisikiliza bila kulia. Yoakimu alipomaliza, alimuuliza jambo ambalo hakulitarajia.

"Ulipoikata, ililalamika?"

"Hapana, shemeji. Iliimba."

Kornelia akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtoto aliyeko shule ya bweni. Kisha akachukua lile beseni, akamwaga maji polepole kwenye mizizi ya miti ya ua.

Siku zilizofuata gari lilipanda Dongobesh, likafika hata Mbulu mjini, limejaa watu na mizigo, bila kukohoa. Bashiri angetakiwa kufurahi. Lakini abiria walianza kukataa kukaa mbele katikati. Hawakusema wameona nini. Mama mmoja wa Dongobesh alisema tu kwamba pale pana mtu, akahamia nyuma kwenye mizigo. Bashiri mwenyewe alilisomea gari dua, na aliacha kupita njia ya mkato ya mashambani, kwa sababu kila alipopita, sehemu moja gari lilipunguza mwendo hata akikanyaga mafuta mpaka chini. Ilikuwa palepale lilipokutwa lori.

Alikuja kwa Yoakimu kumwambia. Na Yoakimu alikuwa hajamaliza kumsikiliza, Kornelia naye akatokea mlangoni pa karakana, ametembea kutoka Gehandu kwa miguu, kanga mabegani.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Bashiri.

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kuomba unipeleke. Linapokwenda lenyewe, liache liende."

Bashiri alimtazama Yoakimu. Hatimaye mfanyabiashara alisema, "Jumapili, mkitoka kanisani. Mchana. Sitakwenda pale jua likiwa limeinama."

Jumapili ile Efrazia alikataa kubaki nyumbani. Yeye na Yoakimu walikaa nyuma. Kornelia aliingia mbele, akasogea mpaka mlangoni, akaacha pale katikati wazi, na hakuna aliyemuuliza. Ngano ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Waliacha barabara, wakafuata njia ya matrekta, na ngano ikapanda pande zote mbili mpaka usawa wa madirisha. Yoakimu alisikiliza injini. Alizijua pistoni zile, kila moja aliiweka kwa mkono wake, alijua zinafagia nafasi gani na kwa nini. Hata hivyo alisikia ndani ya injini kitu ambacho hakukiweka yeye. Mvumo ulikuwa unapanda, bila gari kuongeza mwendo.

"Sijakanyaga," Bashiri alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameinua miguu yote miwili.

Gari liliacha njia. Baadaye Bashiri aliapa kwamba hakugusa usukani, na Yoakimu, aliyekuwa akiitazama mikono ya Bashiri ikiwa juu ya magoti, aliamini. Ngano ililala mbele ya boneti ikisugua bati. Walikwenda hivyo mwendo wa mtu anayetembea, wakapita pembeni ya vilima vya makaburi, kisha mvumo ukashuka, ukashuka tena, injini ikazimika. Ufunguo ulikuwa bado umewashwa.

Kimya cha pale Yoakimu hakukisahau. Hapakuwa na upepo, na upepo uwandani hauishi. Lakini mbele yao ngano ilikuwa ikitikisika katika mstari mwembamba, kama mtu anapita ndani yake anakwenda zake, na mstari ule ukaenda mbali kidogo, ukakoma.

Kornelia alishuka. Alivua viatu, akaviweka chini ya mlango, akaingia kwenye ule mstari peku.

"Kornelia, ngoja," Efrazia aliita, akashuka kumfuata, na Yoakimu nyuma yake. Bashiri alibaki kwenye usukani akisoma dua kwa midomo.

Ngano iliishia ghafla ukingoni mwa korongo. Miaka ile makorongo yalikuwa yakitambaa uwandani kila masika. Ardhi iliyolimwa ilipopata maji ilipasuka na kumeguka, na palipokuwa na shamba mwaka huu, mwaka kesho palikuwa na bonde. Hili lilikuwa limemeguka upya katika mvua zilizopita. Kornelia alikuwa amesimama ukingoni, anatazama chini. Hakupiga kelele. Alinyoosha tu mkono.

Katika ukuta wa udongo upande wa pili, chini ya mahali ngano ilipokuwa ikining'iniza mizizi yake hewani, palichomoza miguu ya mtu. Ilikuwa mifupa tu, na karibu nayo kipande cha suruali ya kaki ambayo shamba liliwapa madereva wake. Yoakimu alitazama ile miguu, akaelewa kwa nini buti zilipangwa chini ya mlango. Matope ya masika yalimeza buti. Gervasi alikuwa amezivua ili atembee haraka, akaacha injini inawaka kwa sababu alitaka kurudi mara moja. Alikuja kutazama kama lori litaweza kupita. Ardhi ikapasuka ikammeza, matope yakaziba ufa, mvua ikafuta alama, na watu wakatafuta juu yake.

"Alikuwa hapa," Efrazia alisema. "Wakati wote alikuwa hapa."

"Nani alimwambia aje huku?" Kornelia aliuliza. "Njia yake haipiti huku. Hata kidogo."

Hata Yoakimu alipowaeleza polisi, na mkuu wa shamba, na padri, hilo ndilo lililobaki bila jibu. Hapakuwa na trekta upande ule siku ile. Hakuna mtu aliyekuwa akisubiri dizeli. Mzee mmoja wa Kibarbaig, aliyekuja kusimama na fimbo yake wakati watu wakichimba, alisema kwa Kiswahili cha taratibu kwamba wao wakati wa masika hawapiti pale, wakiitwa hawaitiki. Alipoulizwa wanaitwa na nani, aliuliza hali ya ng'ombe wa Mbulu.

Gervasi alizikwa Gehandu, nyuma ya nyumba yake, kwa misa kamili. Aliyembeba kutoka Katesh alikuwa Bashiri, kwenye lile gari refu, jeneza limeingizwa kwa nyuma na kiti cha nyuma kimeondolewa. Watu wengi waliogopa wakakaa mbali. Injini ilikwenda vizuri njia nzima. Ilinguruma kama injini yoyote kubwa, na Yoakimu, aliyekaa mbele katikati, alisikiliza kwa makini mpaka shingo ikamuuma. Hakusikia kitu kingine. Alitamani kusikia, akajishangaa.

Baada ya mazishi Bashiri alikuja mahali walipoketi wanaume, akamwomba Yoakimu waende pamoja kwa mjane.

"Mama," alimwambia Kornelia, "kile chuma ni cha marehemu. Ukitaka fundi akitoe, akitoe leo. Mimi nitatafuta kwingine."

Kornelia alikuwa amechoka, macho yamevimba, lakini alifikiri kabla ya kujibu.

"Kikikaa hapa kitapata kutu," alisema. "Yeye alikuwa hapendi kukaa. Kiache kifanye kazi. Ila mwache mtu akae pale katikati sasa, mzee. Hapana mtu."

Gari likaendelea kupanda Dongobesh miaka mingi, na abiria wakaanza tena kugombania kiti cha mbele. Lilikunywa petroli kuliko zamani, kwa maana nafasi iliyoongezwa ndani lazima ijazwe, na Bashiri alilalamika hilo kila alipokutana na Yoakimu, kama mtu anavyomlalamikia mtoto anayekula sana. Yoakimu alibaki karakana mpaka mashamba yale yalipoanza kudhoofika na mashine kukosa vipuri, ndipo yeye na Efrazia wakarudi Masieda, wakajenga, wakafuga. Kila mwaka, masika yanapoanza, alishuka Gehandu kumsaidia Kornelia kupanga mawe ukingoni mwa shamba lake, udongo usimeguke. Mara nyingine Kornelia alisimama, akashika kiuno, akatazama upande wa uwanda.

"Unasikia?" alimuuliza mwaka mmoja.

Yoakimu aliinamisha kichwa. Upepo ulikuwa unatoka mlimani, na mbali sana, kitu kilikuwa kinavuma, kinapanda na kushuka. Huenda lilikuwa trekta. Mwaka ule hakuna aliyelima upande ule.

"Nasikia," alisema.

"Usiitike," Kornelia alimwambia, akainama kuchukua jiwe jingine.